X Nyeupe Mlangoni kwa Shosho

Shosho alifungua mlango akakuta X. Haikuwa kwenye mlango wenyewe. Ilikuwa hatua mbili mbele yake, kwenye kile kipande cha simiti anachoanikia sufuria. X kubwa, nyeupe, rangi ya mafuta, haijakauka vizuri. Kufikia saa moja asubuhi kichochoro kilikuwa kimejaa watu. Mama wa mandazi alikuwa ameshatoa godoro nje. Jamaa wa mitumba alikuwa kwa simu, anamwambia ndugu yake alete mkokoteni. Mtu alikuwa amehesabu X nyingine tano kati ya pale na mto, na kila aliyefika aliongeza moja.

Mimi ndiye niliyezichora. Zote sita.

Kama unaishi Nairobi sihitaji kukueleza. X ni herufi tunayoijua kabla ya kwenda shule. Kawaida ni nyekundu, kwa ukuta, halafu unapewa siku saba, au siku tatu, au hupewi kitu, halafu tingatinga. Nimelelewa Mathare, kwa hiyo nilikuwa naijua vizuri kuliko mtu yeyote kwenye ile timu yetu. Lakini kwenye mafunzo tuliambiwa tuweke alama chini, nyeupe, iwe rahisi kuonekana kutoka juu, na mfano waliotuonyesha ulikuwa X. Nikachora X. Sikufikiri hata dakika moja. Kazi ilikuwa ya malipo ya siku, na nilikuwa na deni la nyumba la miezi miwili.

Shosho alinipigia simu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mami, kuna watu wamekuja kutuandika. Kuja."

Nilitoka Huruma mbio. Nilipofika nikasema mbele ya wote, "Shosho, ni mimi. Si ya kubomoa. Ni ya picha."

Aliniangalia kwa muda. Akasema, "Picha ya nani?"

Hilo swali nimetembea nalo tangu siku hiyo, Februari 2022.

*

Picha yenyewe ilikuwa ya droni. Hupaa mita kama mia moja hivi, halafu huenda na kurudi kwa mistari iliyonyooka, kama mtu anayelima shamba kwa plau, ikipiga picha kila baada ya sekunde chache. Kila picha inalalia sehemu kubwa ya ile iliyotangulia. Ndiyo siri yote: kwa sababu paa moja linaonekana kwenye picha nyingi kutoka pembe tofauti, programu ya kompyuta inaweza kukokotoa paa hilo liko wapi hasa, kisha ikashona mamia ya picha zikawa moja, bapa, ambayo unaweza kuipima kwa rula.

Zile X ndizo zinazoipigilia picha ardhini. Unasimama juu ya kila moja na kifaa cha GPS, unachukua vipimo vyake, halafu unaiambia kompyuta: nukta hii ya picha ni mahali hapa duniani. Bila hizo, picha nzima inaweza kuteleza mita mbili tatu na isionekane ina kasoro. Kwingine mita tatu ni upana wa bustani. Mathare mita tatu ni nyumba ya mtu mwingine.

Kwa nini tusitumie setilaiti tu? Jioni ile, kwenye ukumbi wa kanisa ambapo mzee wa kijiji alitulazimisha tuje tujieleze, nilijaribu kujibu hilo kwa kutumia chumba cha Shosho. Ni futi kumi kwa kumi, yaani mita tatu kwa tatu hivi. Setilaiti za Landsat, ambazo picha zake zilifunguliwa bure kwa dunia nzima mwaka 2008, huona ardhi kwa vipande vya mita 30 kwa 30. Kipande kimoja kama hicho kinameza karibu vyumba mia moja vya saizi ya Shosho, pamoja na watu, paka na nguo zilizoanikwa, na kuvirudisha vikiwa rangi moja ya kijivu. Sentinel-2 ya Ulaya ni afadhali, mita 10 kwa 10: hapo ni vyumba kumi au kumi na kimoja kwa nukta moja. Kuna setilaiti za kibiashara zinazofika sentimita 30 hivi, lakini hizo picha zinauzwa.

Droni yetu ilikuwa inaona sentimita tano. Chumba cha Shosho peke yake kilikuwa na nukta zaidi ya elfu tatu. Ungeona tairi aliyowekelea mabati yasipeperushwe. Ungeona kile kipande cha buluu, bango kuukuu la sabuni, alichozibia sehemu inayovuja.

"Kwa hivyo mtaona mpaka ndani ya sufuria," mtu mmoja akasema, na watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Shosho hakucheka.

"Hiyo picha itaonwa na nani?"

"Kila mtu, Shosho. Itawekwa wazi."

"Kila mtu ni nani?"

"Hata wewe. Hata mimi. Mtu yeyote akiwa na simu."

"Na mwenye tingatinga?"

Ukumbi ukanyamaza. Nikatafuta jibu kwenye kichwa changu nikalipata lile la mafunzo, nikalisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyohitaji: mwenye tingatinga ana pesa. Akitaka picha ananunua. Sisi ndio tusiokuwa nayo.

Ni jibu la kweli. Bado naliamini. Lakini jioni ile nililitoa kama mtu anayelipa deni kwa noti asiyoijua kama ni halali.

*

Ngoja nieleze hiyo "wazi" ni wazi namna gani, kwa sababu ndiyo ahadi niliyowapa watu.

Januari 2010 tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti, kampuni za setilaiti zilifungua picha zao za Port-au-Prince katika siku chache. Mamia ya watu ambao hawajawahi kukanyaga Haiti walikaa mbele ya kompyuta, wakaziangalia hizo picha, wakachora barabara, majengo yaliyoanguka na kambi za hema kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri. Waokoaji wakaitumia. Hapa kwetu, miezi michache kabla ya hapo, mwishoni mwa 2009, vijana 13 wa Kibera walikuwa wameanza kutembea na GPS mkononi wakichora mtaa wao, ambao kwenye ramani za umma ulikuwa karibu mtupu. Map Kibera ilianzia hapo.

Shida ni kwamba kila janga lilianza upya. Picha ziko kwa nani? Nani anaruhusiwa kuzitumia? Ni za siku gani? Mtu ana faili kwenye diski Geneva, mwingine ana nyingine Manila, na wewe uliye kwenye matope hujui hata kama zipo.

Wazo la kuwa na mahali pamoja pa picha za angani zilizo wazi lilijaribiwa mwaka 2007, kwa jina OpenAerialMap, na jaribio hilo la kwanza halikudumu. Mnamo 2015 lilifufuliwa na HOT, shirika linalowaunganisha wachora ramani wa OpenStreetMap wakati wa majanga, pamoja na wenzao wa upande wa programu. Safari hii mawazo yalikuwa tofauti. Si lazima picha zote zilale nyumba moja. Picha za angani ni nzito, na seva hulipiwa kila mwezi. Kinachohitajika zaidi ni katalogi: daftari linalojua kila picha iko wapi duniani, ilipigwa siku gani, kwa droni au setilaiti, kwa kamera ipi, nani ameitoa na kwa leseni gani. Picha inaweza kukaa kwa mwenyewe. Daftari linakuonyesha mlango.

Halafu kuna huduma juu ya daftari. Huhitaji kupakua faili nzima ya gigabaiti moja na kitu kuona kichochoro kimoja. Faili inapangwa ndani kwa vipande vidogo, kama vigae, na simu yako inaomba vile vigae tu unavyoviangalia. Ni kama kwenda dukani ukapimiwa unga wa kibaba badala ya kubebeshwa gunia. Mchora ramani aliyeko Kisumu au Dhaka anabandika kiungo kwenye programu yake ya kuchorea, na mabati ya Mathare yanatokea chini ya kalamu yake. Leseni inasema itumie utakavyo, mradi umtaje aliyeitoa.

Kama unadhani haya ni mambo ya mbali, fungua Zanzibar. Kuanzia 2016 Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa droni nyepesi, wanafunzi wa chuo kikuu cha huko wakiwa kati ya waliozirusha, na picha zikawekwa kwenye katalogi hiyo hiyo. Unaweza kukaa kwa mat ukihesabu minazi ya Makunduchi. Dar es Salaam nayo ilikuwa na Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wakichora mitaa inayofurika, kuanzia 2015, droni zikiwa juu yao.

Kwa hiyo nilipowaambia watu wa Mathare kwamba picha itakuwa wazi, sikuwa nadanganya. Nilikuwa nasema kitu kilichopo duniani. Nilidhani tu kwamba kitu kikiwepo, kitafanyika chenyewe.

Zile X tulizifuta asubuhi iliyofuata kwa mafuta taa na brashi ya waya, mimi na vijana wawili, watu wakituangalia. Badala yake tukachora mraba uliogawanywa mara nne, weusi na weupe, kama ubao wa drafti. Watoto wakaanza kuruka juu yake. Droni ikapaa Alhamisi.

*

Kurusha droni Nairobi si kama kurusha tiara. Kanuni zilitoka 2020: mashine isajiliwe, mrushaji awe na leseni, upate kibali. Na Mathare iko ubavuni mwa kambi ya jeshi la anga pale Eastleigh, kwa hiyo karatasi zinaongezeka. Shirika lililotuajiri ndilo lililokuwa na vibali, mashine na rubani. Sisi wa mtaani tulikuwa na miguu na ufahamu wa vichochoro. Silitaji jina, na utaona kwamba lawama zenyewe hazielekei upande mmoja.

Picha ilitoka ikiwa safi. Nilipewa nakala kwenye diski nikaikague nyumbani, nitafute sehemu ambapo mabati yamepinda au nyumba imeshonwa mara mbili. Nilimaliza kwa siku tatu, nikaandika ripoti ya kurasa mbili, nikalipwa. Diski hakuna aliyeiuliza.

Niliuliza mimi kuhusu picha. Itapakiwa lini? Niliambiwa ripoti kuu inaandaliwa. Baada ya miezi miwili niliambiwa mshauri anaangalia mambo ya faragha. Baada ya miezi sita msimamizi aliyeniajiri alikuwa ameondoka, na aliyeshika nafasi yake aliniandikia kwa upole akiuliza mimi ni nani. Hakuna aliyekataa, unaelewa? Laiti mtu angekataa ningekuwa na wa kugombana naye. Picha ilizeeka tu kwenye folda ya mtu, kama mahindi yanavyooza ghalani na mwenye ghala ni mtu mzuri tu.

Na mimi nilikuwa na nakala. Iliwekwa ndani ya soksi, ndani ya sanduku, chini ya kitanda changu Huruma. Kwenye mkataba wangu kulikuwa na mstari unaosema kazi yote ni mali ya shirika, na huo mstari ulinitosha. Ningeipakia, wasingeniita kazi tena. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kila nilipoenda kwa Shosho kumpelekea unga, aliniuliza, "Ile picha?" Nami nikamjibu, "Bado wanaitengeneza."

Nilisema hivyo kwa miaka miwili.

*

Mwishoni mwa Aprili 2024 mto ulikuja usiku. Umeshasoma kuhusu mafuriko yale, na huenda ulikuwa mahali maji yalipofika, kwa hiyo sitakuchosha. Shosho alibebwa mgongoni na yule jamaa wa mitumba. Alitoka na mfuko wa plastiki wenye kitambulisho, cheti cha kifo cha babu, na rimoti ya televisheni. Mpaka leo hajui kwa nini alichukua rimoti.

Siku chache baadaye amri ikatoka kwamba wote walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Safari hii hakuna aliyechora X. Tingatinga lilikuja tu, asubuhi, na kufikia saa nane mchana kipande chote cha Shosho kilikuwa tope na mabati yaliyokunjika kama karatasi za kufungia njugu.

Mita 30 kutoka wapi? Ndilo swali watu walikuwa wanapigia kelele siku nzima. Kutoka katikati ya mto? Kutoka ukingo? Ukingo upi, wa jana au wa kabla ya mafuriko? Mto ulikuwa umeula ukingo wake na kusogea. Kuna nyumba zilizobomolewa ambazo wenyewe walikuwa wakiapa ziko mbali, na kuna watu waliokuwa wakiapa hivyo na si kweli. Hakuna aliyekuwa na kipimo. Kila mtu alikuwa anaonyesha kwa mkono mahali ambapo kitu kilikuwa.

Nilisimama pale nikajua kwamba ukingo wa mto wa Februari 2022 uko Huruma, ndani ya soksi, kwa usahihi wa sentimita tano.

Sitasema ingezuia tingatinga. Tingatinga haliombi ramani. Lakini kama ile picha ingekuwa imepakiwa mapema, yeyote kwenye ule umati angetoa simu, akavuta mstari, akasema: hapa mita 22, hapa mita 41. Wangekuwa wanabishana na namba badala ya kulia na mikono. Hilo nililiondoa mimi. Shirika lilizembea, sawa. Mimi nilikuwa na nakala.

Usiku ule niliandika barua pepe kwa anwani zote za shirika nilizokuwa nazo. Niliwaambia nina picha na ninaipakia, wakitaka wanishtaki. Jibu lilikuja siku ya pili, kutoka kwa afisa mpya nisiyemjua, mistari miwili. Alisema amesoma mkataba wao na wafadhili, na tangu mwanzo ulisema data zote ziwekwe wazi. Alisema naweza kupakia. Alinishukuru kwa kukumbusha.

Nilicheka mpaka Shosho, aliyekuwa amelala kwenye kitanda changu, akaamka akauliza nani amekufa.

*

Lakini sikupakia usiku ule. Nilikumbuka ukumbi wa kanisa. Niliwaahidi watu wa pale, na wao ndio waliokuwa chini ya kamera.

Nilienda mjini nikaichapisha, karatasi kubwa ya A0, shilingi elfu moja na mia mbili. Tukaibandika kwenye ukuta wa ukumbi ule ule, Jumapili baada ya ibada. Nilitarajia hotuba. Watu hawakutaka hotuba. Walisogea mpaka pua zikagusa karatasi. Kulikuwa kimya, halafu mtu akasema, "Hii ni yangu," akaweka kidole, na baada ya hapo hukuweza kusikia chochote.

Ilikuwa imetangazwa shilingi 10,000 kwa kila familia iliyobomolewa, na orodha zilikuwa zinaandikwa na zinagombaniwa. Kwa hiyo karatasi ile haikuwa ya kumbukumbu tu. Tukaanza kuandika majina kwa biro, paa kwa paa. Hapo ndipo nilipojifunza kile ambacho mafunzo hayakunifundisha. Kwenye paa moja, landilodi akasema ni langu. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasema, ni lako lakini aliyekuwa analala ni mimi. Picha ilionyesha mabati, sawa kabisa, kila mkunjo. Haikujua nani alikuwa chini yake.

Shosho alijua. Aliletewa kiti akakaa mbele ya ramani kama karani, akawa anataja: hapa fundi viatu, hapa wale wasichana wawili wa saluni, hapa hapakuwa na mtu tangu Krismasi, usidanganye. Alipofika kwenye kile kipande cha buluu aligusa tu, akapita.

Kisha tukauliza tuipakie au tusiipakie. Wengi walisema ndiyo. Mama mmoja alikataa. Alinivuta kando akaninong'oneza, "Mitungi yangu inaonekana." Nikaangalia. Nyuma ya nyumba yake, kando ya mto, mitungi minne na moshi. Kila mtu mtaani anajua anachopika. Lakini kujua kwa mtaa ni kitu kimoja, na kujulikana na yeyote mwenye intaneti, milele, pamoja na tarehe, ni kitu kingine. Nyumba yake haikuwa imebomolewa. Alikuwa bado ana cha kupoteza.

Nilitaka kumwambia kuhusu uwazi, na Haiti, na Zanzibar. Nikafikiria X niliyochora bila kuuliza. Nikamwambia nitaikata.

Ndiyo tulivyoamua, na kama unafanya kazi hizi sijui kama utakubaliana nasi. Picha ingekuwa ya wote. Ile kona ingetolewa. Na majina yasingepakiwa popote: yangebaki kwenye karatasi, karatasi ingebaki kwa mzee wa kijiji, nakala moja kwa Shosho. Aliye mbali aone paa, apime, achore. Akitaka kujua nani analala chini ya paa, aje aulize mlangoni kama mtu.

Nilipakia saa tano usiku kwa bando ya usiku. Fomu ni fupi kuliko unavyodhani. Kichwa: Mathare, kando ya mto. Chombo: droni. Kamera. Mtoaji: jina la shirika, maana ndivyo haki inavyotaka. Leseni. Halafu tarehe ya kuanza kupiga na tarehe ya kumaliza. Hapo nilikaa sana. Ukiacha picha bila tarehe, mtu atafungua kesho aone nyumba mia mbili zilizojaa watu mahali palipo na tope tupu. Tarehe ndiyo inayofanya picha iseme "zilikuwepo" badala ya "zipo". Niliandika Februari 2022 nikabonyeza. Faili ilipanda polepole, asilimia tatu, asilimia nne, Shosho akikoroma pembeni.

Kama wiki tatu baadaye niliifungua OpenStreetMap nikakuta mtu ameshachora. Akaunti nisiyoijua, nchi nisiyoijua. Alikuwa amefuata picha yetu paa kwa paa katika sehemu iliyobaki imesimama, hadi vile vichochoro ambavyo mtu mnene hapiti. Nilimwonyesha Shosho kwenye simu. Nikamkuzia picha mpaka kipande cha buluu kikatokea, kisha ile kona nyeusi karibu na mto.

Aliangalia kwa muda. "Huyu aliyechora, anatujua?"

"Hapana, Shosho."

"Anajua huku kwa weusi kuna nini?"

"Hapana."

Akanirudishia simu. "Sawa," akasema. "Sasa weka chai."